Mwenye Kazi, Mjenzi na Mlipaji: Jinsi Kongo Ilivyokabidhi Kazi Zake Kubwa



Barabara inapotengenezwa, kando ya kazi husimikwa kibao. Wengi hukipita bila kukisoma, nacho husema mambo makubwa kwa maneno machache: nani ni mwenye kazi, nani anatoa fedha, nani amepewa kujenga, nani amewekwa kumkagua mjenzi, na kazi itachukua miezi mingapi. Majina hayo manne yanaweza kuwa ya watu wanne mbalimbali. Yanaweza pia, ukiyachunguza, kuwa ya mtu mmoja aliyevaa kofia nne. Historia ya nchi yetu kwa muda wa zaidi ya miaka 130 yaweza kusomwa kwa kuuliza swali hilo moja: siku kazi ilipokabidhiwa, kofia hizo ziligawanywa namna gani?

Swali si la mainjinia peke yao. Kila jengo kubwa lina mambo ambayo hakuna ayajuaye siku ya kutia sahihi. Mwamba uko kina gani? Mvua zitaharibu siku ngapi za kazi? Bei ya chuma itapanda au itashuka? Ni lazima mtu fulani abebe hasara ya mambo hayo yasiyojulikana. Mkataba wa ujenzi, ukiuvua maneno yake mengi, ni karatasi inayoamua mtu huyo ni nani. Na mara nyingi, kama tutakavyoona, mzigo uliwaangukia watu ambao hawakualikwa mezani.

Jambo hili ni la kale. Huko Puteoli, karibu na mji wa Napoli nchini Italia, kuna maandishi yaliyochongwa katika marumaru yenye mkataba wa mwaka 105 kabla ya Kristo. Kazi yenyewe ni ndogo: ukuta na mlango mbele ya hekalu la Serapis. Lakini mkataba umetaja vipimo, mbao na chokaa, kisha umeweka sharti la malipo. Mjenzi atapewa nusu ya fedha baada ya kuweka mashamba yake rehani. Nusu ya pili atapewa kazi ikiisha na kukubaliwa. Na watakaoikubali si mtu mmoja ofisini. Ni baraza la wazee wa mji waliowahi kushika uongozi, wasiopungua 20. Mji ni mwenye kazi na ndio unaolipa. Mjenzi hujenga tu, naye amefungwa kwa mali yake. Wakaguzi ni wengine kabisa. Hiyo ndiyo njia ambayo hata leo tunaiita ya kawaida: mchoro kwanza, zabuni baadaye, kisha ujenzi, ukaguzi na malipo. Njia nyingine zote zilizobuniwa ni namna ya kuunganisha au kutenganisha kofia hizo.

Sasa tuje kwetu. Kati ya Matadi na Kinshasa mto Kongo hushuka kwa maporomoko, wala hakuna meli iwezayo kupanda. Katika miaka ya 1880 kila kilichoingia na kila kilichotoka kilibebwa kichwani. Vichwa hivyo vilikuwa vya wapagazi waliotembea majuma matatu na mzigo wa kilo 30 hivi, na wengi walikufa njiani. Hata meli ndogo za mvuke zilizotumika mtoni juu zilivunjwa vipande na kubebwa hivyo hivyo. Stanley, ambaye watu walimwita Bula Matari, mvunja miamba, jina ambalo baadaye likawa jina la serikali yenyewe, alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba bila reli Kongo haina thamani yoyote kwa wafanyabiashara wa Ulaya.

Lakini Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II halikuwa na fedha. Kama lingefuata njia ya Puteoli, yaani kuchora, kutangaza zabuni na kulipa, lisingeweza kulipa hata daraja la kwanza. Kwa hiyo likachagua njia nyingine. Afisa mmoja wa jeshi la Ubelgiji, Albert Thys, aliunda kampuni ya kuchunguza njia, na tarehe 31 Julai 1889 ikazaliwa Kampuni ya Reli ya Kongo. Mtaji wake ulikuwa faranga milioni 25. Milioni 10 kati ya hizo zilitolewa na serikali ya Ubelgiji, nyingine na wenye mabenki na watu binafsi. Kampuni ingechora, ingejenga, ingeendesha magari ya moshi na kujilipa kutokana na nauli kwa miaka mingi. Juu ya hayo, dola liliahidi kuipa ardhi kwa kila kilometa ya reli itakayotandikwa. Njia ya namna hii huitwa konsesheni. Serikali hailipi kwa fedha. Hulipa kwa haki ya kuvuna.

Tazameni jinsi lilivyo jambo la werevu. Dola linapata reli bila kutoa faranga. Kampuni inapata biashara isiyo na mshindani, maana hapakuwa na njia nyingine ya kwenda baharini. Na kwa kuwa kampuni itakula kutokana na reli hiyo hiyo, italazimika kuijenga vizuri na kuitunza. Sifa hiyo ya mwisho ni ya kweli, nami sitaki kuificha. Mjenzi anayelipwa siku ya mwisho na kuondoka hana sababu ya kuogopa mvua za mwaka ujao. Mjenzi anayebaki anazo sababu nyingi.

Kazi ilianza mwaka 1890, na mara yale yasiyojulikana yakajitokeza. Kutoka Matadi njia hupita ukingoni mwa majabali, huvuka mto Mpozo na kupanda mlima Palabala. Miaka mitatu ilipita kabla ya kumaliza kilometa 22 za kwanza. Reli nzima ya kilometa zipatazo 390 ilihitaji madaraja ya chuma 99. Malaria, kuhara na beriberi viliingia katika kambi. Wenyeji wa Bas-Congo walikimbia kazi ile, basi kampuni ikaenda kutafuta watu Afrika ya Magharibi, hata kisiwa cha Barbados. Mwaka 1892 wakaletwa Wachina 540. Yapata 300 kati yao walikufa au walitorokea msituni. Hesabu rasmi za kampuni zilitaja waliokufa kuwa Wazungu 132 na watu wengine 1,800. Wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo ya pili kuwa ndogo mno, kwani huenda waliokufa katika miaka miwili ya kwanza peke yake walikaribia idadi hiyo kila mwaka.

Mtaji nao haukutosha. Gharama ilipita mara mbili ya zile milioni 25. Kampuni ikakaribia kufilisika, na Bunge la Ubelgiji likaombwa kutia mkono mfukoni tena. Hapa ndipo siri ya konsesheni nyingi inapofunuliwa. Kwa maneno ya mkataba, hatari ilikuwa ya kampuni. Ilipofika kweli, iligawanywa: hasara ya fedha ikaenda kwa mlipa kodi wa Ubelgiji, na hasara ya uhai ikabaki kwa mfanyakazi. Mwenye hisa aliyevumilia hakupoteza kitu. Gari la moshi lilifika kwenye Pool mwezi Machi 1898, reli ikazinduliwa kwa sherehe mwezi Julai, na tangu siku hiyo pembe za ndovu na mpira wa porini zikateremka kwenda Matadi kwa nauli ambayo kampuni iliipanga peke yake. Faida ikawa kubwa sana. Nanyi mnajua mpira ule ulikusanywa namna gani huko misituni. Reli haikuyaanzisha mateso ya mpira. Bali iliyafungulia njia pana.

Hadithi ya reli hiyo haikuishia hapo. Ili kuokoa fedha, kampuni ilitandika reli nyembamba, yenye upana wa sentimeta 75 hivi, na pembe kali za kupinda. Baada ya miaka 25 haikuweza tena kubeba mizigo ya migodi. Kati ya mwaka 1923 na 1932 ilibidi ijengwe upya kwa upana wa meta 1.067, na mara hii wafanyakazi wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Mjenzi aliyebana gharama mwaka 1890 alipata reli yake. Wajukuu wa wapagazi ndio waliolipa tofauti.

Kuna mtu atakayesema: basi lingekuwa heri serikali ijenge yenyewe. Jambo hilo lilifanyika wakati ule ule, upande wa pili wa Afrika. Waingereza walianza reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896. Njia ilikuwa imetazamwa juu juu tu, na mkandarasi ambaye angekubali kutaja bei moja kwa nchi asiyoijua angetaka bei ya kumkinga na kila baya. Kwa hiyo serikali ya London ikaunda kamati yake, ikamwajiri injinia mkuu George Whitehouse, na ikachukua kutoka Uhindi wafanyakazi wapatao 32,000. Bunge lilikubali paundi milioni 3. Reli ilipofika Kisumu, Desemba 1901, ilikuwa na kilometa zaidi ya 900, na hesabu ikafika paundi milioni 5 na nusu. Wahindi karibu 2,500 walikufa.

Angalau hapa hesabu ya waliokufa na hesabu ya fedha ziliwekwa mbele ya Bunge na kubishaniwa hadharani. Katika Dola Huru la Kongo hapakuwa na bunge la kuuliza. Lakini msifanye haraka kusifu. Serikali ya Uingereza, baada ya kutumia fedha zile, ilitaka reli ijilipe. Ili ijilipe ilihitaji mizigo. Ili kupata mizigo iliwaita walowezi wa Kizungu, na ardhi waliyopewa walowezi ilikuwa ya Wakikuyu, Wamasai na wengine. Njia ya kukabidhi kazi ilikuwa tofauti kabisa na ya Matadi. Mwishoni, aliyelipa alifanana na yule wa kwetu.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu kule Kalemie, Kongolo au Kindu mna reli yenu ya kuchunguza. Mwaka 1902 mwenye mabenki wa Ubelgiji, Édouard Empain, alipata konsesheni ya Reli za Maziwa Makuu. Safari hii Leopold aliongeza kitu ambacho Thys hakukipata: dola liliwahakikishia wenye hisa faida ya asilimia 4 kila mwaka, reli iwe na mizigo au isiwe nayo. Tena likaweka kando hekta milioni 4 za ardhi kwa ajili ya kampuni. Mwenye kukumbuka maelezo ya mwanzo ataona mara moja kilichotukia. Mjenzi alishika kofia ya mjenzi na ya mwendeshaji, lakini ile kofia ya hatari, ambayo ndiyo sababu ya kumpa faida kubwa, ilirudishwa kimyakimya kwa dola. Reli zilijengwa, hilo ni kweli: Kisangani hadi Ubundu mwaka 1906, kisha Kindu hadi Kongolo, na Kabalo hadi Kalemie mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani ziwani Tanganyika. Mabibi na mababu walisafiri kwa reli hizo. Baadhi yetu tungali tunasafiri nazo, pale zinapopita. Lakini haki za ardhi zilizotolewa kwa kalamu moja Brussels zilibaki juu ya mashamba ya watu kwa miongo mingi.

Kuhusu barabara za kikoloni sitasema mengi. Hazikuwa na mkataba wowote. Kila kijiji kilipimiwa kipande chake cha njia, kikaamriwa kukilima, kukitengeneza na kukifyeka, na asiyetii alijua fimbo au gereza. Hii nayo ni njia ya kukabidhi kazi, iliyo rahisi kuliko zote kwa mwenye kuamuru. Salongo ya enzi za Mobutu ilichota katika kisima hicho hicho, ingawa iliimbiwa nyimbo. Pamoja na hayo, kuna jambo moja jema lililookolewa kutoka huko: wazo kwamba barabara ya udongo huishi kwa jembe la kila juma, si kwa tingatinga la kila miaka kumi. Siku hizi Ofisi ya Barabara hufanya mapatano na kamati za wenyeji, nao hulipwa kwa kuzibua mitaro na kuziba mashimo. Mahali ambapo malipo hufika, barabara hudumu.

Tupite sasa kwenye umeme. Baada ya uhuru, taifa lilitaka kuutumia mto kwenye maporomoko ya Inga. Inga ya kwanza iliwaka mwaka 1972 ikiwa na nguvu ya megawati 351. Ya pili mwaka 1982, megawati 1,424. Kati ya kazi hizo mbili ulikuja mradi uliowashangaza mainjinia wa dunia nzima: waya wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilometa zipatazo 1,700, ukipita juu ya misitu na savana kwenda kuhudumia migodi ya shaba ya Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Kazi ilipewa kampuni ya Kimarekani ya kundi la Morrison-Knudsen, na fedha zilikuwa mikopo ya mabenki ya nje yenye dhamana ya serikali ya Zaire.

Mtindo uliotawala miradi mingi ya namna hii zama zile ni ule unaoitwa ufunguo mkononi. Mgeni anachora, anajenga, anafunga mashine, kisha anampa mwenye nyumba ufunguo. Mwenye nyumba hahitaji kujua lolote hadi siku ya kufungua mlango. Hilo ndilo tamu lake na ndilo sumu yake. Mjenzi hana haja ya kuuliza kama nyumba inahitajika. Mkopeshaji ana dhamana ya serikali, hana sababu ya kuuliza. Naye mwenye nyumba, ambaye angepaswa kuuliza, alikuwa na sababu zake za kisiasa: Katanga ilikuwa imejitenga mwaka 1960, na umeme unaotoka mbali, karibu na mji mkuu, ni kamba nzuri ya kufungia jimbo.

Matokeo yake yanajulikana. Wakati waya unajengwa, bei ya shaba ilianguka, na migodi haikuhitaji umeme wote uliokadiriwa. Gharama ilipanda mno kupita makadirio, na mradi ukawa sehemu kubwa ya deni la nje la Zaire. Kwa sababu umeme wa aina ile husafiri kwa mkondo mnyoofu, kuuchota njiani kunataka kituo maalumu cha gharama kubwa. Basi vijiji vilivyo chini ya waya vilibaki gizani, na vingi viko gizani hata sasa. Mjenzi alikuwa amekwisha kuondoka. Mitambo ya Inga, iliyohitaji vipuri na matengenezo ya kila mara, ikaanza kusimama mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepewa kofia ya utunzaji wala fedha za kuifanya kazi hiyo. Ndiyo maana nimesema konsesheni ya Matadi ilikuwa na sifa moja ya haki. Huko Inga hata sifa hiyo haikuwepo.

Nchi ilijifunza kitu. Sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu manunuzi ya umma ilirudisha njia ya Puteoli: zabuni ya wazi iwe kanuni, na kumteua mjenzi bila mashindano kuwe jambo la pekee lenye sababu iliyoandikwa. Sheria nyingine, ya tarehe 9 Julai 2018, imeweka taratibu za ubia kati ya serikali na watu binafsi, pamoja na konsesheni. Na tangu mwaka 2008 kuna mfuko wa taifa wa utunzaji wa barabara, unaolishwa kwa tozo juu ya mafuta ya magari na kwa malipo ya vizuizi vya barabarani. Mnapolalamika kizuizini, na mna haki ya kulalamika, kumbukeni angalau kwamba faranga ile imetozwa kwa jina la utunzaji. Kwa hiyo mnaweza kudai utunzaji.

Hata hivyo, mkataba mkubwa kuliko yote ya siku zetu haukupitia zabuni. Tarehe 22 Aprili 2008, kabla sheria ile ya manunuzi haijatungwa, serikali yetu ilitia sahihi mapatano na kundi la makampuni ya Kichina, miongoni mwake kampuni ya ujenzi wa reli CREC na kampuni ya mabwawa Sinohydro. Nchi ilikuwa imetoka vitani, barabara zimekufa, na hakuna benki iliyokuwa tayari kuikopesha fedha nyingi. Hali, kama mnavyoona, ilifanana na ile ya mwaka 1889: dola bila fedha, na mali chini ya ardhi. Jibu nalo lilifanana. Ikaundwa kampuni ya ubia, Sicomines, kwa ajili ya migodi ya Kolwezi iliyokadiriwa kuwa na zaidi ya tani milioni 10 za shaba. Wachina wakachukua asilimia 68, Gécamines asilimia 32. Benki za China zingekopesha dola bilioni 3 kwa mgodi na bilioni 6 kwa barabara, reli, hospitali na shule; mgodi ungelipa yote. Shirika la Fedha la Kimataifa likaogopa deni hilo, hasa dhamana ya serikali iliyolizunguka, na mwaka 2009 sehemu ya ujenzi ikapunguzwa hadi bilioni 3.

Nataka kuwa mwenye haki kwa wote. Aliyetia sahihi mwaka 2008 hakuwa na njia nyingi mbele yake. Zabuni hutaka fedha, fedha hazikuwapo. Barabara zilizojengwa zipo, na ukienda Kinshasa utaiona Boulevard du 30 Juin. Lakini turudi kwenye kofia. Mkopeshaji, mwenye sehemu kubwa ya mgodi na wajenzi wa barabara walikuwa jamaa wa ukoo mmoja. Barabara ikigharimu milioni 50 au milioni 80, nani ndani ya ukoo ule anayepoteza? Hakuna, bei ikipanda, deni la kulipwa kwa shaba linapanda nalo. Mjini Puteoli bei ilijulikana kabla ya kazi kuanza, na wazee 20 waliitazama kazi kabla ya nusu ya pili kulipwa. Kwetu iliundwa, mwaka huo huo wa 2008, wakala wa serikali wa kusimamia kazi kubwa. Lakini msimamizi anaweza kupima unene wa lami. Ni vigumu kwake kuipima bei ambayo haijawahi kushindanishwa na bei nyingine.

Mwezi Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa nchi yetu ulitoa ripoti. Ulisema kwamba katika miaka yote ile, kazi zilizokwisha kulipiwa zilifikia dola milioni 822, ambazo ni pungufu ya theluthi ya zile bilioni 3, hali mgodi ulikuwa ukitoa shaba tangu mwaka 2015. Ulilalamika pia kuhusu bei za kazi na kuhusu mgawanyo wa faida. Upande wa Wachina uliikataa ripoti. Majadiliano yakaendelea kwa mwaka mzima, na mwezi Machi 2024 nyongeza ya mkataba ikatiwa sahihi. Sehemu ya ujenzi imepandishwa hadi dola bilioni 7, zitakazotolewa kidogo kidogo, dola milioni 324 kila mwaka hadi mwaka 2040, hasa kwa barabara.

Kuna sharti moja ndani ya nyongeza hiyo ambalo halikutangazwa kwa sauti kubwa kama zile bilioni 7. Milioni 324 za mwaka zimefungwa kwenye bei ya shaba katika soko la dunia. Bei ikiwa nzuri, fedha zitatoka. Bei ikianguka chini ya kiwango kilichoandikwa, zitapungua. Kile kilichoizamisha Inga na waya wake, yaani shaba kushuka bei wakati kazi haijaisha, kimewekwa sasa ndani ya mkataba wenyewe, kwa maandishi, na jina la atakayebeba hatari hiyo ni la barabara ambayo bado haijachorwa. Kijana wa miaka 18 anayesoma haya atakuwa amepita miaka 30 siku mkataba huo utakapofika mwisho wake. Vibao vya kazi zake vinasimikwa sasa, na maandishi yake ni makubwa ya kutosha kusomwa na mtu anayepita kwa miguu.